Faragha ya Mwanafunzi Bwenini: Fomu Tunazotia Sahihi



Ndugu waamini, viongozi wa Halmashauri ya Walei na wa jumuiya ndogo ndogo: mada niliyopewa leo huenda ikaonekana ni ya watu wa mjini, na nilipoombwa kuizungumzia nilijiuliza kama kuna atakayebaki macho baada ya chakula. Lakini mzazi mmoja wa hapa Mkwajuni alinijia na fomu ya binti yake ya kujiunga na chuo. Ukurasa wa mwisho ulisema kwamba mwanafunzi akaaye bwenini, akitaka kutumia mtandao wa chuo, hana budi kukubali programu ya ulinzi iwekwe katika kompyuta yake. Kompyuta hiyo baba aliinunua kwa fedha ya mpunga. Akaniuliza, "Padre, nikitia sahihi hapa, ninakubali nini?" Siku ile sikuweza kumjibu.

Yatupasa kwanza kuwatendea haki wenye vyuo. Mtandao wa bweni hutumiwa na mamia, na kompyuta moja yenye virusi yaweza kuwadhuru wengi. Kudai kila kompyuta iwe na kinga si uonevu. Hata machimboni kwetu mchimbaji hupekuliwa anapotoka, ili dhahabu isitoroshwe, naye hulalamika kidogo tu. Lakini mwenye duara haendi usiku nyumbani kwa mchimbaji kupekua chini ya kitanda na kusoma barua za mkewe.

Zipo programu zinazoishia getini: hukagua kama kompyuta ina kinga ya virusi, basi. Zipo zinazoingia chumbani, zikimwezesha msimamizi aliye mbali kuona kilichopo kwenye kioo, kufungua mafaili, hata kuwasha kamera. Tena ipo njia ya tatu isiyosemwa sana, nayo ni kuweka ndani ya kompyuta cheti cha chuo. Kwa kawaida mawasiliano ya benki au ya barua pepe husafiri yakiwa yamefungwa kwa msimbo, na msimamizi huona tu jina la tovuti iliyotembelewa, si yaliyoandikwa. Cheti hicho kikishakubaliwa, mtambo wa chuo waweza kuyafungua mengi ya mawasiliano hayo njiani, kuyasoma na kuyafunga tena, mwanafunzi asitambue lolote.

Mtu asidhani natia chumvi. Mwaka 2010, huko Lower Merion, Pennsylvania, Marekani, ilibainika kwamba kompyuta walizopewa wanafunzi wa sekondari zilikuwa na programu ya kufuatilia kompyuta iliyoibwa au kupotea. Programu hiyo ilikuwa imepiga kwa siri picha zaidi ya 50,000, za kamera na za kioo, nyingine zikimwonyesha mwanafunzi akiwa chumbani kwao. Oktoba ya mwaka huo walikubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi mbili. Nia ya awali ilikuwa kukamata wezi! Na hapa jirani, Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data nchini Kenya iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi.

Nilipokuwa seminari ndogo, barua zetu zilifunguliwa kabla hatujapewa. Mama yangu alilijua hilo. Baba alipougua ugonjwa ambao watu hawakuutaja hadharani, mama hakuniandikia, maana hakutaka usomwe na mgeni. Niliukuta nyumbani wakati wa likizo. Waliofungua barua zile hawakuwa watu wabaya, walitaka kutulinda.

Sheria ya Kanisa yenyewe ni makini kuliko desturi zetu. Kanuni ya 220 inakataza kuvunja haki ya mtu ya kulinda faragha yake. Kanuni ya 240 inakwenda mbali zaidi: inapoamuliwa kama mseminari apewe daraja au aondolewe, maoni ya muungamishi na ya kiongozi wake wa kiroho hayaombwi kamwe. Mlezi aweza kuwa na sababu njema ya kutaka kujua, na bado akanyimwa.

Kwa upande wa nchi, ibara ya 16 ya Katiba inalinda maisha ya mtu binafsi, maskani yake na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Kwa sheria hiyo, anayekusanya taarifa za mtu hana budi kumweleza madhumuni, na asichukue kuliko yanavyohitaji.

Chuo kitasema mwanafunzi amekubali mwenyewe. Hapo ndipo ninapokwama. Mwenye fedha hununua bando lake na kupita pembeni. Asiye nazo hutumia mtandao wa bweni, kwa sababu kazi za darasani hutolewa humo, na huyo ndiye anayesomwa. Binti anayetafuta usiku maelezo ya ugonjwa wake, au anayemweleza dada yake kwamba ada haijatimia, hakukusudia msimamizi wa mtandao awe wa tatu katika mazungumzo hayo. Ridhaa ya mtu asiye na njia nyingine siihesabu kuwa ridhaa kamili.

Basi yule baba nimemshauri asikatae, bali aandike barua kwa mkuu wa chuo: programu hiyo inaitwaje, inaona nini, nani anasoma, taarifa zinatunzwa kwa muda gani, na je, itaondolewa binti akihama bweni? Wenye fomu za namna hiyo wazilete parokiani Jumamosi baada ya Misa ya asubuhi. Katibu wa Tume atakuwapo, na barua tutaziandika pamoja, kabla ya vyuo kufunguliwa.