Injini Inayochechemea

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya motokaa inayochechemea. Hatusemi gurudumu, twasema injini. Injini nzima yenye silinda 4 hulia kama michi ya watu wanne watwangao kwa zamu. Mmoja akikosa zamu yake, sikio hulitambua pengo lile mara moja. Mafundi husema, "Inamisi."

Silinda yataka mambo matatu: petroli iliyochanganyika na hewa kwa kadiri yake, mgandamizo wa kutosha, na cheche kwa wakati wake. Likikosekana moja tu, haiwaki, na zile nyingine huuvuta mzigo wake. Hapo wengi wetu hukimbilia dukani. Hununua plagi zote, kisha koili, kisha kabureta. Fedha za mahindi zikaisha, na injini ikachechemea vile vile. Sisi twaona yafaa kwanza itafutwe silinda iliyonyamaza.

Katika motokaa za zamani, zenye kabureta, iacheni injini izunguke polepole. Ondoeni waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo yenye mpini wa mpira, na ncha ya waya iguse chuma cha injini. Msishike kwa mkono mtupu, wala pasiwe na petroli iliyomwagika karibu, kwa kuwa umeme ule hupita volti 10,000. Ukitolewa waya wa silinda nzima, injini hulegea zaidi. Ukitolewa wa silinda gonjwa, hapana badiliko lo lote.

Motokaa za siku hizi, zenye kompyuta, zisifanyiwe hivyo, zaweza kuharibika. Fundi husoma kwa chombo chake: P0301 ni silinda ya 1, P0302 ni ya 2, na kuendelea.

Basi, injini ikiisha kupoa, fungueni plagi ya silinda ile mwitazame. Rangi ya kahawia hafifu ni afya. Masizi makavu meusi huonyesha petroli imezidi, au cheche ni dhaifu. Ikilowa petroli, yamkini cheche haipo kabisa. Kabla ya kununua kitu, badilishaneni plagi hiyo na ya silinda jirani. Ugonjwa ukihamia kwa jirani, plagi ndiyo mbovu, nanyi mtanunua moja tu. Usipohama, jaribuni waya kwa njia ile ile. Na kama injini humisi siku za mvua tu, kausheni kwanza kifuniko cha distribyuta, ndani na nje, mkatafute ufa mwembamba kama unywele.

Yote hayo yakishindwa, fundi apime mgandamizo. Ukiwa mdogo, atie kijiko cha oili safi katika tundu la plagi, apime tena. Ukipanda, ringi za pistoni zimelika. Usipopanda, ni valvu au gasketi, na kichwa cha injini hakina budi kufunguliwa.