Mpaka Uko Wazi, Lakini Tupite Mlangoni

Haya ni mazungumzo ya afisa wa habari wa kaunti na wafanyabiashara wadogo na wahudumu wa bodaboda mjini Taveta. Tunayachapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.

  Najua kesho ni Jumatano, siku ya soko, na wengi wenu mtaamka kabla ya jogoo. Kwa hivyo sitawaweka sana.

Nimeombwa nizungumze kuhusu kuvuka mpaka wetu wa Taveta na Holili. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni hili: "Kama Jumuiya ya Afrika Mashariki ilifungua mipaka, mbona bado tunadaiwa karatasi?" Ni swali la haki, na ninataka kulijibu bila kuzunguka.

Mpaka huu hatukuuchora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana kwamba mstari uanzie pwani, kwenye mdomo wa Mto Umba, uje hadi Ziwa Jipe, upite katikati ya nchi ya Wataveta na nchi ya Wachaga, kisha uzunguke mguu wa Kilimanjaro na kuelekea Ziwa Viktoria. Hawakuuliza ni nani ameoa wapi wala ng'ombe wa nani hunywa maji wapi. Ndiyo maana hadi leo mtu ana shamba Taveta na shangazi yake yuko Holili. Udugu huo haukukatwa na mstari. Lakini mstari huo sasa unatenganisha nchi mbili huru, na kila nchi ina sheria zake.

Mkataba wa Jumuiya ulitiwa saini mwaka 1999, na Soko la Pamoja likaanza tarehe 1 Julai 2010. Kilichofunguliwa ni hiki: Mkenya anaingia Tanzania bila viza, Mtanzania vilevile anaingia Kenya, na bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya zinapita bila ushuru wa forodha zikitimiza masharti. Lakini mlango wenyewe haukuondolewa. Hata kwa jirani ambaye mlango wake uko wazi mchana kutwa, sisi hubisha hodi kwanza.

Sasa tuanze na mtu mwenyewe. Wengi wamesikia kwamba kitambulisho cha taifa kinatosha. Ni kweli kwa Mkenya anayekwenda Uganda au Rwanda. Nchi hizo tatu zilikubaliana hivyo mwaka 2014. Tanzania haimo katika mpango huo. Kwenda Holili unahitaji pasipoti au hati ya kusafiria ya muda, ambayo hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Beba pia cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukichanjwa leo, cheti hicho kitaanza kutambulika baada ya siku 10, kwa hivyo usingoje asubuhi ya safari. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 chanjo moja inahesabiwa kuwa ya maisha. Kitunze cheti chako kama unavyotunza hati ya shamba.

Taveta na Holili ni kituo cha pamoja cha mpakani, na kilizinduliwa mwaka 2016. Maana yake ni kwamba husimami mara mbili. Ukienda Tanzania, unapita moja kwa moja hadi jengo la Holili. Hapo afisa wa Kenya anakugongea muhuri wa kutoka, na afisa wa Tanzania katika jengo hilohilo anakugongea wa kuingia. Ukirudi, kazi yote inafanyika katika jengo la Taveta. Kabla hujaondoka dirishani, soma tarehe uliyoandikiwa. Siku zikiisha ukiwa bado huko, hata kama ulienda kumuuguza mama mkwe, umevunja sheria.

Tuje kwenye mzigo. Kama bidhaa zako zimezalishwa ndani ya Jumuiya na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, uliza cheti rahisi cha asili ya bidhaa. Ni fomu inayojazwa papo hapo mpakani, na huhitaji kumlipa wakala akujazie. Bidhaa yako ikiwa kwenye orodha inayokubalika, unasamehewa ushuru wa forodha. Mitumba haimo katika msamaha huu, kwa sababu nguo hizo hazikushonwa hapa kwetu, zilitoka ng'ambo.

Lakini msamaha wa ushuru haufuti ukaguzi wa afya. Mahindi, maharagwe, vitunguu na ndizi ni mimea, na mimea hubeba wadudu na magonjwa. Upande wetu wanaokagua ni KEPHIS. Mtakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye njia ikafunguliwa tena, ila kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na mahindi yawe na cheti kwamba sumu hiyo haizidi kiwango cha 10 kwa bilioni. Aliyekuwa na karatasi alijua la kufanya, lakini aliyezoea vichochoro alibaki na gunia ambalo hakuna mnunuzi wa maana angeligusa.

Jambo lingine dogo linalowakwamisha watu ni mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku Agosti 2017, na Tanzania Juni 2019. Usifunge bidhaa zako kwa mfuko uliopigwa marufuku pande zote mbili.

Na kuvuka si sawa na kufanya biashara yoyote unayotaka. Julai 2025 Tanzania ilitoa amri inayowakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo huduma za kutuma pesa kwa simu, ufundi wa simu, na ununuzi wa mazao shambani. Hilo la mwisho linatuhusu sana. Mama aliyezoea kwenda kijijini kununua vitunguu shambani kwa mkulima sasa anajiweka hatarini. Nunua sokoni kwa mfanyabiashara mwenyeji, hata kama bei inapanda kidogo.

Vijana wa bodaboda, nanyi sikieni. Pikipiki ikivuka inahesabiwa kama chombo kilichoingia nchi nyingine. Inahitaji kibali cha forodha na bima inayotambulika huko. Bima hiyo huitwa kadi ya njano ya COMESA. Usiichanganye na kadi ya njano ya chanjo. Moja ni ya chombo, nyingine ni ya damu yako. Ukiulizwa moja, nyingine haitakuokoa.

Sasa nije kwenye lililonileta hasa. Kuna watu hapa wanaosema, "Haya yote ya nini? Njia za panya zipo, na ni rahisi." Naomba tupige hesabu pamoja. Chukua mama mwenye magunia matatu ya vitunguu. Kwenye njia ya panya anamlipa mwenye pikipiki nauli ya juu, kwa sababu ya hatari. Anamlipa kijana wa kuonyesha njia. Mbele anasimamishwa na mtu asiye na sare anayejiita afisa, naye anataka chake. Hakuna hata mmoja anayempa risiti. Akinyang'anywa gunia, atamshtaki nani? Akienda polisi, swali la kwanza litakuwa, "Ulipitia wapi?" Na kuna mambo ambayo mama hudaiwa kule vichakani ambayo si pesa. Mnanielewa. Wengi wamekuja nyumbani wakanyamaza, kwa sababu waliona hawana pa kusemea.

Hapo ndipo karatasi inapokusaidia. Watu huiona kama kitanzi cha serikali, lakini ndiyo inayokupa mdomo wa kusema. Mwenye muhuri na risiti akidhulumiwa ana mahali pa kuanzia, kwa sababu jina lake limeandikwa na mzigo wake unajulikana. Aliyepita kichakani, kwa sheria, hakuwepo.

Najua mtaniambia kwamba hata mlangoni kuna wanaosumbua watu. Sitakataa. Malalamiko hayo tunayasikia, na mtu aliyewahi kuombwa "chai" dirishani hawezi kushawishiwa kwa hotuba. Ninachosema ni kwamba mlangoni una silaha, na kichakani huna. Malipo ya KRA hupitia benki au simu, kwa nambari ya malipo. Hayawekwi mkononi mwa mtu. Ukiombwa pesa, uliza ni za nini na risiti iko wapi. Andika siku, saa na dirisha, kisha peleka malalamiko kwa Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi, EACC. Mkienda kama kikundi cha soko, mtasikilizwa zaidi kuliko mtu mmoja mmoja.

Niseme pia wazi mipaka ya ofisi yetu. Uhamiaji na forodha ni kazi ya Serikali ya Kitaifa; Katiba ya 2010 imesema hivyo. Gavana hawezi kukugongea muhuri. Kazi ya kaunti ni masoko, leseni za biashara na ushuru wa soko. Kwa hivyo msichanganye risiti. Risiti ya kaunti inaonyesha umelipia nafasi sokoni. Haionyeshi kwamba mzigo umepita forodha. Na iwapo vyoo vya soko havifai au paa linavuja, hapo msiende mpakani. Njooni kwetu, na mtudai bila haya.

Kesho alfajiri, kabla hujafunga mlango wa nyumba, hesabu vitu vinne: hati ya kusafiria, cheti cha chanjo, karatasi za mzigo, na bima kama una chombo. Kama kimoja hakipo, ni afadhali kukosa soko la Jumatano uende Jumamosi. Jumamosi itafika. Gunia lililopotelea kichakani halirudi, na mama aliyeumizwa huko hatumponyi kwa pole.

 Sasa ni zamu yenu kuuliza.