Moyo Uliochoka na Ngazi za Kware

Mgonjwa aliyeshindwa na moyo bado ana moyo unaopiga. Kinachopungua ni nguvu ya kusukuma damu, au wepesi wa misuli yake kulegea na kuipokea. Shinikizo hurudi nyuma, maji yakaingia mapafuni na mtu akahema, yakashuka miguuni ikafura. Ninachodai jioni hii ni kwamba katika mtaa kama Kware, Nairobi, ugonjwa huu unaweza kushukiwa kwa maswali machache na kipima presha, mapema kabla ya mashine yoyote kubwa.

Utafiti wa THESUS-HF, uliochapishwa 2012, ulifuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi tisa za Afrika, Kenya ikiwemo. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, watu wa kazi na wa kulipa karo. Presha ndiyo iliyoongoza kwa visababishi, takribani asilimia 45; kuziba kwa mishipa ya moyo hakukufika asilimia 8. Na uchunguzi wa kitaifa wa 2015 ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya Wakenya wazima hawajawahi kupimwa presha. Ukizisoma takwimu hizi pamoja, utaona tunakosa dalili ya kwanza miaka mingi kabla pumzi haijakata. Majumba ya Kware na jirani yake Pipeline mengi hayana lifti, na hapo mgonjwa ana kipimo chake mwenyewe: mwaka jana ulikuwa unapumzika ghorofa ya ngapi, na sasa je? Unalalia mito mingapi? Unashtuka usiku ukitafuta hewa? Mama aliyejifungua majuzi aulizwe pia, maana miguu iliyofura na uchovu wake huhesabiwa kuwa mambo ya uzazi tu, ilhali kuna ugonjwa wa misuli ya moyo unaozuka mwishoni mwa mimba au miezi ya kwanza baada yake. Kisha atazamwe mshipa wa shingo na asikilizwe mapafu.

Nitaambiwa kwamba kifua kikuu, pumu, upungufu wa damu na figo mbovu huleta dalili hizohizo, na kwamba hospitali ya Mama Lucy Kibaki itafurika. Pingamizi hili lina uzito. Hakuna dalili moja inayotosha. Ndiyo maana nasema kushuku, sisemi kuhukumu. Kipimo cha damu cha NT-proBNP kikiwa chini ya pikogramu 125 kwa mililita kwa mgonjwa asiye mahututi, moyo kwa kawaida si mkosaji, na foleni inapungua. Bei yake ndiyo kikwazo, nakiri. Lakini kikohozi kilichokataa dozi mbili za antibiotiki, na makohozi yasiyo na kifua kikuu, nacho kina gharama.

Picha ya eko, yaani ya moyo kwa mawimbi ya sauti, ndiyo njia kuu ya kujua aina ya ugonjwa: kiasi cha damu kinachosukumwa kwa kila pigo kikiwa asilimia 40 au chini, kuna dawa zilizothibitishwa kurefusha maisha. Hatari iko kwenye vidonge vya kukojoza maji. Miguu hunywea kwa siku chache, mgonjwa akajiona amepona, na eko ikasahaulika. Kwa hiyo anayeandika vidonge hivyo aandike na rufaa ya eko siku hiyohiyo, yenye tarehe.