Somo la Kwanza la Shabaha

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, wilaya za Tarime na Serengeti

Natumaini mmekwisha kukaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni neno moja tu, kwa herufi kubwa: RISASI. Nitangoja kidogo.

Haya, someni pamoja: ri-sa-si. Neno hili lina maana mbili. Maana ya kwanza ni madini mazito, laini, yenye rangi ya kijivu. Maana ya pili ni kile kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Maana ya pili imezaliwa na ya kwanza, kwa sababu tangu zamani watu waliyeyusha madini hayo wakatengeneza risasi za bunduki. Leo tutalisoma neno hili kwa maana zote mbili. Nitawaeleza jinsi mtu anavyofundishwa kupiga shabaha kwa mara ya kwanza, na kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi sote, hata yule asiyetaka kuishika bunduki maisha yake yote.

Kwetu Mara bunduki si kitu kigeni. Wakati wa Waingereza vijana wengi wa Kikurya waliingia katika jeshi la King's African Rifles, ambalo wazee walizoea kuliita Keya. Walijifunza silaha kwa amri na kwa nidhamu. Lakini baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, baadhi ya silaha za vita zilifika vijijini bila amri wala nidhamu. Wizi wa ng'ombe, ambao zamani ulikuwa wa mikuki na mishale, ukawa wa bunduki. Ndiyo sababu moja iliyofanya watu wakaunda sungusungu katika miaka ya 1980, na baadaye Jeshi la Polisi likaanzisha kanda maalumu ya Tarime na Rorya. Upande wa Serengeti nako, vijiji vinapakana na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1951, na gobore la kuwindia bila kibali limewapeleka watu wengi gerezani.

Basi bunduki tunazijua. Swali ni hili: je, tumefundishwa?

Mimi nilifundishwa mwaka 1986, katika mafunzo ya mgambo huko Tarime. Nilikuwa kijana wa miaka 20, na nilidhani siku ya kwanza nitapewa bunduki nipige. Haikuwa hivyo. Kwa siku nyingi tulishika bunduki za mbao. Tulikimbia nazo, tulilala nazo chini, tulizibeba begani. Kijana mmoja alicheka akasema, "Afande, hiki ni kipande cha mti tu." Mwalimu wetu alimjibu kwa upole, "Ndiyo. Na wewe umemwelekezea mwenzako kipande hicho mara tatu tangu asubuhi. Kingekuwa bunduki, tungekuwa na matanga matatu." Hakuna aliyecheka tena.

Mwalimu yule alitufundisha mambo manne kabla hatujaiona risasi hata moja. Yaandikeni katika madaftari yenu.

La kwanza: Kila bunduki ina risasi. Hata kama umeitazama mwenyewe, hata kama mwenzako amekuapia kwamba ni tupu, ishike kama bunduki yenye risasi. Ukipewa, ifungue utazame. Ukimpa mwingine, naye aifungue atazame. Si dharau, wala si kumwona mwenzako mwongo.

La pili: Usielekeze mtutu kwenye kitu usichotaka kukiharibu. Si kwa mtoto, si kwa ng'ombe, si kwa mguu wako mwenyewe.

La tatu: Kidole cha shahada kikae nje ya kifyatulio, kimenyooka ubavuni mwa bunduki, mpaka macho yamekwisha kulenga na moyo umekwisha kukata shauri. Mtu akijikwaa au akishtuka, mkono hufumba wenyewe. Kidole kikiwa juu ya kifyatulio, bunduki italia bila mwenyewe kukusudia.

La nne: Jua kilicho nyuma ya shabaha yako. Risasi haisimami kwa sababu wewe umekwisha kuiona shabaha. Risasi ya bastola yaweza kwenda zaidi ya kilomita 1, na ile ya bunduki ya vita zaidi ya kilomita 2. Pimeni wenyewe: kutoka hapa mlipo, ni nyumba ngapi ziko katika kilomita 2?

Siku ya kupiga ilipofika, tulipelekwa penye tuta kubwa la udongo. Tuta hilo kazi yake ni kukamata risasi. Tulilala chini mmoja mmoja, mwalimu akiwa pembeni. Alisema, "Vuta pumzi. Toa nusu. Tulia. Kibonyeze kifyatulio polepole, kama unavyokamua tone la mwisho la maziwa." Mimi nilikivuta kwa nguvu, na risasi yangu ya kwanza haikugusa hata karatasi. Sauti ilinijia kama kofi la sikio, na bega likauma. Mikono ilitetemeka. Nilikuwa nimewaona watu wakizungumza juu ya bunduki kwa majivuno, lakini siku ile sikuona majivuno. Niliona kwamba nimetoa kitu ambacho siwezi kukirudisha. Risasi ya bunduki za namna ile hukimbia mita 700 hivi kwa sekunde moja. Ukisema "pole", imekwisha kufika.

Labda mtu atauliza, "Na bastola je? Ni ndogo, hapana shaka ni rahisi." La, ndugu zangu. Bastola ni ngumu zaidi. Bunduki ndefu inashikwa kwa mikono miwili na bega. Bastola inashikwa kwa mikono tu, na mtutu wake ni mfupi. Ukigeuza kifundo cha mkono kidogo tu ili umwulize mwalimu neno, mtutu umekwisha kumtazama mtu aliye kando yako. Tena nyingi hutumia magazini, yaani kile kikasha cha risasi kinachoingia katika kishikio. Watu wengi wamedanganyika hapo. Wametoa magazini wakasema bastola ni tupu, kumbe risasi moja imebaki ndani ya chemba. Kwa hiyo kwanza toa magazini, kisha fungua chemba, tazama kwa macho, papasa kwa kidole.

Katika miji mikubwa ya nchi nyingine watu hujifunza bastola ndani ya jumba. Mwisho wa jumba kuna ukuta wa chuma au wa mpira unaokamata risasi, mahali pa tuta letu la udongo. Kila mtu huvaa miwani migumu na vifuniko vya masikio, maana mlio wa bunduki unaweza kuharibu masikio kwa mara moja tu. Na hapo ndipo turudi katika maana ya kwanza ya neno letu. Risasi ikipigwa hutoa vumbi la madini ya risasi. Nje, upepo hulichukua. Ndani ya jumba, vumbi hilo hubaki, ndiyo maana huwekwa mashine za kuvuta hewa chafu. Madini hayo ni sumu, hasa kwa watoto, kwa kuwa hudhuru ubongo unaokua. Hivyo mtu akitoka kupiga shabaha, ndani au nje, anawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kula, na nguo zile asimbebee mtoto. Wale wanaoyeyusha risasi jikoni ili kutengeneza za gobore, nao wasikie neno hili.

Sasa nitawapa kisa cha nyumbani kwetu.

Nilipotoka mgambo nilirudi kwa baba yangu mdogo, aliyenilea. Baba mdogo alikuwa na ng'ombe, na nyuma ya mlango wa nyumba yake alikuwa na gobore. Lilikuwa halina kibali. Alisema ni la kuwatisha wezi. Nililiona tangu utotoni bila kuliona, kama mnavyoliona jembe. Lakini jioni ile nilisimama mlangoni nikakumbuka yale mambo manne. Nikauliza kwa heshima, "Baba, hili gobore lina baruti?"

Akasema, "Mwanangu, gobore lisilo na baruti ni fimbo."

Nikasema, "Watoto wanalala hapa chini yake."

Akacheka. "Miezi minne tu kwa mgambo, na sasa unamfundisha baba yako kuhusu bunduki?"

Nilinyamaza. Kwetu kijana habishani na mzazi. Lakini sikilizeni hatari ya gobore. Likikwisha kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu, si rahisi kulifungua ukatazama. Linabaki hivyo siku na miezi, na fataki juu yake, likingoja.

Wiki chache baadaye, asubuhi, baba mdogo alikuwa akihamisha vitu ili paa lirekebishwe. Alilishika gobore kwa mtutu akalivuta kutoka nyuma ya mlango. Nyundo yake ikanasa kwenye gunia. Gobore likalia. Risasi ilimpita yeye ubavuni, ikatoboa ukuta wa udongo, ikaingia zizini. Huko mama mdogo alikuwa akikamua, na mwanawe wa miaka minane ameshika ndama. Risasi ilipita kati ya kichwa cha mtoto na bega la mama yake, ikampiga ng'ombe. Yule ng'ombe alikuwa ndiye bora katika zizi.

Hakuna mtu aliyekufa. Lakini mama mdogo alikaa chini penye maziwa yaliyomwagika, amemkumbatia mtoto, hakusema neno mpaka jua likawa juu. Baba mdogo aliliweka gobore chini akalitazama. Kisha akaniambia, "Mwanangu, nililiweka hili lilinde ng'ombe."

Siku ile ile alikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Mwenyekiti alitangulia polisi kuwaeleza, kisha polisi wakaja kulichukua. Yule mtoto leo ni mtu mzima na ana watoto wake.

Ndugu wasikilizaji, nimekwisha kuwaambia jambo nililokuja kuwaambia. Kufundishwa bunduki ni kufundishwa kujizuia. Mtu asiyefundishwa hana silaha; silaha ndiyo iliyo naye.

Sheria yetu nayo inasema hivyo. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mtu awe na leseni kabla ya kuwa na silaha, na awe amefundishwa namna ya kuishika na kuitumia kwa usalama. Leseni ni ya mtu mmoja. Si ya ndugu, wala si ya jirani wa kuazima. Ukitaka kuomba kwa haki, anzia katika serikali ya kijiji chako. Hata askari wa wanyamapori wa vijiji, kama wale wa Jumuiya ya Ikona huko Serengeti, hawaokoti bunduki tu wakaingia porini. Askari wa namna hiyo wana chuo chao huko Likuyu Sekamaganga, mkoani Ruvuma.

Na mwenye silaha isiyo halali afanye nini? Umoja wa Afrika umeuweka mwezi wa Septemba kila mwaka, mpaka mwaka 2030, kuwa mwezi wa kusalimisha silaha. Mwaka 2022 Serikali yetu ilitoa msamaha kwa watu waliosalimisha kwa hiari, kuanzia tarehe 1 Septemba mpaka tarehe 31 Oktoba. Msamaha una tarehe zake, kwa hiyo msikilize matangazo, na mmwulize mtendaji wa kijiji kabla ya kufanya lolote. Usitembee barabarani na silaha mkononi. Tangulia wewe, silaha ifuatwe na polisi. Na mtoto akiona bunduki au risasi porini au nyumbani, afundishwe maneno haya matatu: usiguse, ondoka, mwambie mkubwa.

Sasa ni zamu yenu. Mwalimu wa darasa, soma maswali haya, kila kikundi kijadili:

1. Neno "risasi" lina maana gani mbili? Tungeni sentensi moja kwa kila maana.

2. Yatajeni mambo manne ya mwalimu wa shabaha. Ni lipi ambalo baba mdogo alilivunja kwanza?

3. Kwa nini gobore lililoshindiliwa ni la hatari hata kama hakuna anayelitumia?

4. Kijana alifanya vema kunyamaza mbele ya baba mdogo? Je, angeweza kumpelekea nani neno lile bila kuvunja heshima?

Swali la nne mlijadili kwa muda mrefu. Mimi mwenyewe nimelijadili moyoni tangu mwaka ule, na nyinyi wazee na vijana mliomo darasani mnaweza kunisaidia.

Kwa herini, ndugu wasikilizaji. Mkifika nyumbani usiku huu, tazameni nyuma ya mlango.