Askari Anaporudi Kijijini



Leo twataka kusema juu ya ndugu zetu waliovua nguo za uaskari na kurudi kwao. Babu zetu waliwajua wale wa Force Publique: walichukuliwa kwa miaka 7, na wengine walifika hata Abisinia, ambako Waitalia walishindwa huko Saio mwaka 1941. Siku hizi wengine watoka jeshini, wengine msituni.

Mtu huyo akirudi, aona nyumba yamsonga. Miaka mingi aliamshwa kwa tarumbeta, akapewa posho, akaamriwa. Mkewe amelima peke yake, ameuza mihogo, amewalipia watoto shule; naye mume aingia akitoa amri kwa Kilingala, lugha ya kambi, hata watoto wakimbilia kwa nyanya yao. Tusimcheke. Lakini naye ajue kwamba sakramenti ya Ndoa haikumpa cheo cha sajini juu ya mkewe, wala watoto si makuruta.

Je, uaskari ni dhambi? Hapana. Askari walipomwendea Yoane Mbatizaji, hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza kunyang'anya na kusingizia watu. Naye Mtakatifu Inyasi wa Loyola, aliyeumizwa mguu vitani Pamplona mwaka 1521, mwaka uliofuata aliuacha upanga wake mbele ya Bikira Maria huko Montserrat. Hata hivyo hakutulia upesi: huko Manresa alisumbuliwa miezi mingi na mashaka ya roho. Ikiwa mtakatifu alihitaji miezi, kwa nini twamdai jirani yetu juma moja?

Liko neno gumu zaidi. Mbuzi uliyemchukua kwa nguvu ya bunduki si wako hata leo. Kitubio chaondoa dhambi, lakini chakudai pia urudishe. Utasema: nilikuwa na njaa, mkubwa wangu aliniamuru. Hayo mwambie padri, naye atayapima. Mwenye mali akiwa hai, umlipe, hata kidogo kidogo baada ya mavuno. Ikiwa kumfikia ni hatari, padri aweza kumpelekea bila kutaja jina lako. Akiwa amekufa, wapewe warithi wake. Asipojulikana kabisa, wapewe maskini.

Na mtoto uliyemzaa kambini mbali, ukamwacha na mama yake? Huyo si mbuzi. Deni lake halilipwi siku moja likaisha. Ataka chakula, nguo, shule, na jina la baba yake.