Mji Unaojaa, Uzazi Unaopungua
Mhadhara wa Umma, Tunduma



Anayesimama hapa Tunduma na kudai kwamba uzazi unapungua ajiandae kuchekwa. Sensa ya 2012 iliukuta mji huu haujafikisha watu laki moja. Ya 2022 imekuta wamepita laki mbili. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, una watu 1,344,687. Hata hivyo nadai hivyo, na sensa hainipingi.

Mji hukua kwa wanaozaliwa na kwa wanaohamia. Mpaka na barabara ya Zambia vimetuletea mawakala wa forodha, wabadilisha fedha, wanunuzi wa mahindi na vijana wa bodaboda. Isitoshe, nchi yenye wasichana wengi hupata vichanga wengi, hata kama kila msichana atazaa wachache kuliko mama yake. Kipimo cha uzazi ni wastani wa watoto ambao mwanamke mmoja huzaa maishani. Kitaifa, utafiti wa 1991/92 ulipata 6.2. Wa 2022 umepata 4.8: vijijini 5.5, mijini 3.6.

Pengo hilo la karibu watoto wawili kati ya kijiji na mji ndilo lenye maelezo. Kwa mkulima wa kahawa kule Mbozi, mtoto wa miaka kumi husaidia kuchuma, na kesho ndiye atakayemtunza mzee. Mkulima huyohuyo akihamia Tunduma hupanga chumba, na unga, mkaa na maji vyote hununua. Elimu bila ada iliyofika kidato cha nne mwaka 2016 imemwondolea ada, lakini sare, madaftari na chakula vimebaki mabegani mwake. Binti yake naye akikaa shuleni, ndoa husogea mbele. Wazee walisema kila mtoto huja na riziki yake; mwenye nyumba anataka kodi yake mwisho wa mwezi.

Wapo wanaoogopa hali hii. Mwaka 2018, akiwa Meatu, Rais Magufuli aliwaita wavivu wanaotumia uzazi wa mpango. Wengine hutaja Korea Kusini, iliyoshuka hadi 0.72 mwaka 2023. Sisi tuko zaidi ya mara mbili ya 2.1, kiwango cha kizazi kujirithi. Hofu ya kuisha watu haituhusu.

Linalotuhusu ni nani anayeamua. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vinavyoruhusu hilo vinakiuka Katiba. Aliyeozwa akiwa na umri huo hajachagua watoto saba, wala mama aliyekosa sindano au kijiti zahanati hajachagua mimba ya tano. Vivyo hivyo, anayeacha kuzaa kwa sababu ya kodi ya chumba tu, hiari yake ina kasoro.

Kwa hiyo nawaomba: halmashauri zihakikishe kila zahanati, hata ya bondeni Momba, ina njia zote za uzazi wa mpango, akina baba waingie kliniki na wake zao, na wazazi wawaache mabinti wamalize shule. Idadi ya watoto tuwaachie wenyewe.