RANGI YA NYOTA KATIKA PICHA

Fungueni madaftari. Leo twapiga picha ya anga la usiku, na hasa twachagua rangi yake.

Tangu Juni hata Agosti, mvua zikiwa zimekwisha, anga la Dodoma huwa safi. Toka nje ya mji, upande wa Bahi au Kongwa, usiku usio na mwezi. Njia ya Maziwa itapita juu ya mibuyu. Mtu huipiga picha kwa furaha, akafika nyumbani akaona anga jekundu kama vumbi la barabara. Jirani akamwambia, "Ndugu, huo ni moto wa nyika!"

Kosa si la nyota. Kamera haijui ni mwanga gani unaoingia, yakisia tu. Basi tuiambie sisi.

Mmepata kumwona mhunzi. Chuma kikipata moto huwa chekundu, kisha cha manjano, kisha cheupe. Rangi ya mwanga hupimwa kwa njia hiyo hiyo, na kipimo chake huitwa kelvini. Mshumaa ni karibu 1,900. Jua la mchana ni karibu 5,500.

Sasa tafuta katika kamera, au katika simu yako, herufi W na B zilizoandikwa pamoja. Ondoa neno AUTO, uweke nambari wewe mwenyewe. Hapa wengi hukosea, basi sikiliza polepole. Ukiweka 2,800, kamera yadhani iko mbele ya taa nyekundu-nyekundu, nayo hutia buluu ili kuusawazisha wekundu huo. Ukiweka 8,000, hutia manjano. Nambari ndogo, picha ya buluu. Nambari kubwa, picha ya manjano.

Anza na 4,000. Ukitaka nyota zionyeshe rangi zao wenyewe, weka 5,500: Antares, iliyo moyoni mwa Nge, itakuwa nyekundu, na Spica itakuwa nyeupe yenye buluu. Mimi napenda hiyo, ingawa taa za mji zitatia rangi chini ya anga. Wengine huweka 3,200, usiku wote ukawa wa buluu kama wa sinema. Wapendeza, lakini sijapata kuuona Ugogo.

Kama kamera yako ina neno RAW, lichague. Rangi yaweza kurekebishwa baadaye bila hasara. Picha ya JPEG ni kama ugali uliokwisha pikwa.

Zoezi: iweke kamera juu ya jiwe, isitikisike. Piga picha tatu, kwa 3,200, 4,000 na 5,500. Andika kila nambari daftarini kabla hujapiga nyingine.